Moto ya Chini ya Udongo: Kutoka Mayi ya Moto ya Bankambo mpaka Kiabukwa



Ukiuliza mutoto wa masomo leo: «Ni inchi gani ya Afrika ilitangulia kutosha umeme katika joto la udongo?», labda atajibu Kenya. Mwalimu wake pia anaweza kujibu vile. Wote wawili hawatakosea sana, kwa sababu Kenya njo inatumia ile nguvu kupita wengine wote katika Afrika. Lakini ya kwanza haikukuwa Kenya. Ya kwanza ilikuwa kwetu, katika Katanga, mahali panaitwa Kiabukwa, mwaka wa 1952. Kenya ilifungua mashini yake ya kwanza kubwa ya namna ile kule Olkaria katika mwaka wa 1981, karibu miaka 30 nyuma yetu.

Kwa nini sisi wenyewe hatujui? Kwa nini kitu chenye kilizaliwa kwetu kilikufa kwetu, na kikakomea kwa wengine? Hilo njo swali la maandiko haya. Ili kulijibu, hatuwezi kuanza na mashini ya wazungu. Tunapashwa kuanza mbali zaidi, kwa bankambo, kwa sababu wao walijua moto ya chini ya udongo mbele ya kampuni yoyote ya machimbo kufika.

1. Udongo uko na joto ya namna mbili

Tusikilizane kwanza juu ya maneno. Watu wakisema «joto la ardhi», mara nyingi wanachanganya vitu viwili.

Joto ya kwanza ni ya jua. Jua inapiga udongo muchana, udongo inaibeba polepole, na usiku inaiachilia polepole. Ukichimba metre moja, tofauti ya muchana na usiku inakwisha. Ukichimba metre kumi, hata tofauti ya musimu inakwisha: kule chini ni sawasawa katika mwezi wa saba na katika mwezi wa kumi. Watu wa Lubumbashi wanajua vizuri ile tofauti juu ya udongo. Katika mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, watoto wanajipanga karibu na mbabula, kipimo kinaweza kushuka chini ya digri 10. Katika mwezi wa kumi, mbele ya mvua, muchana inapita digri 30 na malata inapasuka-pasuka juu ya nyumba. Lakini chini kabisa, udongo haijui ile mambo yote. Inabakia karibu na kipimo cha katikati cha mwaka muzima.

Joto ya pili haitoki kwa jua. Inatoka ndani ya dunia yenyewe. Watu wa machimbo wanaijua: kadiri unashuka, kadiri unatoka jasho. Mahali pengi pa dunia, kila kilometa moja ya kushuka inaongeza digri 25 mpaka 30. Lakini kuko mahali penye ganda la dunia limepasuka na kuwa jembamba, na pale ile joto inapanda karibu na sisi. Upande wetu wa mashariki umelala juu ya mupasuko kama huo. Ni ule ufa mukubwa wenye unashika ziwa Albert, ziwa Edward, ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, na tawi moja linaingia mpaka bonde la Upemba katika Katanga. Volkano za Nyiragongo na Nyamulagira ni watoto wa ule ufa. Chemchemi za maji ya moto pia ni watoto wake: mvua inaingia katika mawe, inashuka sana, inapata moto, kisha inarudi juu kwa kupitia nyufa.

Bankambo hawakukuwa na kipimo cha digri. Lakini zile joto mbili walizijua, na walizitumia kila moja kwa kazi yake.

2. Nyumba, mutungi na shimo la ndizi

Tuanze na ile joto ya kwanza, ya udongo wa juu, kwa sababu njo ilikuwa ndani ya kila nyumba.

Nyumba ya udongo, yenye ukuta munene na majani juu, wengi wanaiita nyumba ya masikini. Lakini ingia ndani saa saba ya muchana katika mwezi wa kumi, kisha ingia katika nyumba ya malata (kule Kivu wanasema manjanja) yenye haina plafo. Utajua mara moja ni ipi ilijengwa na mutu mwenye alifikiri. Ukuta wa udongo unapokea joto polepole sana. Mbele joto ifike ndani, jua imekwisha kushuka. Usiku, pale baridi inaanza, ule ukuta njo unaanza kutoa joto yenye ulikula muchana. Ni kama mutu mwenye kuweka feza ya muchana ili akule usiku. Malata haiweki kitu: muchana inaunguza, usiku inaachilia yote kwa nyota.

Katika Katanga kuko pia mwalimu mwingine: kichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya upande wa Lubumbashi vinaweza kupita urefu wa watu wawili ao watatu. Ndani yake muchwa wanalima uyoga wao, na ule uyoga hauvumilii baridi ya usiku wala jua kali. Ukuta munene wa udongo pamoja na njia za hewa njo zinalinda kipimo cha ndani. Na si kitu cha bure kama watu wetu wanapenda udongo wa kichuguu kwa kufanya matofali: ni udongo mwenye kushikana, na wamama wanajua pia kuusaga kwa kupaka chini ya nyumba.

Tuangalie mutungi. Mama mwenye kuweka mutungi wa maji katika kona, kitako chake kimeingia kidogo ndani ya udongo, hakufanya vile ili usianguke tu. Udongo wa chini unachukua joto ya maji. Na tumbo la mutungi linatoka jasho: maji kidogo inapita katika vitundu vidogo vya udongo wenye kuchomwa, inakauka kwa hewa, na kwa kukauka inaondoka na joto. Njo maana maji ya mutungi ni baridi kupita hewa ya nyumba. Ni frigo bila umeme.

Kisha kuko shimo. Katika Kivu, mutu mwenye kufanya kasiksi hatupi ndizi juu ya meza na kungoja. Anachimba shimo, anaipanga majani ya ndizi, anaingiza ndizi, anafunika kwa majani na udongo. Wengine wanatia joto ya moto kidogo mbele ya kufunga. Siku chache nyuma yake ndizi zote zimeiva pamoja, hata moja haikutangulia ingine. Kwa nini shimo? Kwa sababu juu ya udongo, usiku wa milima ya Kivu ni baridi na muchana ni joto, na ndizi zinaiva bila mupango. Ndani ya shimo, kipimo ni kimoja usiku na muchana. Yule muzee mwenye kuchimba shimo hawezi kukueleza kwa maneno ya chuo kikuu, lakini mikono yake inajua.

Na kule bonde la Upemba, penye tutarudia, makaburi ya zamani yanaonyesha namna watu walishindana na baridi. Wachimbaji wa historia walifungua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1957 na 1958, kisha kazi ikaendelea katika miaka ya 1970. Katikati ya vyungu vya wafu, walikuta pia mbabula ndogo za udongo, namna ya zile zenye wavuvi wanaweka ndani ya bwato ili wapike na waote moto juu ya maji. Ile desturi imepita miaka 1000. Basi mutu wa Upemba alijua kubeba joto pamoja naye tangu zamani sana.

3. Mahali penye maji inachemuka

Sasa tuone joto ya pili, ile ya ndani kabisa.

Majina ya mahali ni maktaba yetu. Katika territoire ya Rutshuru, ndani ya mbuga ya Virunga, kuko mahali penye kuitwa Mayi ya Moto. Jina lile limeingia hata katika orodha za volkano zenye wanasayansi wa dunia nzima wanasoma. Kule Katana, kando ya ziwa Kivu, kuko maji ya moto ya Kankule. Upande mwingine wa muto Semliki, ngambo ya Uganda, kuko Sempaya. Hakuna aliyengoja mutafiti kutoka ngambo ili apajue mahali hapo. Mutafiti alipelekwa pale na mutoto wa kijiji.

Watu walifanya nini na ile maji? Kwanza waliogea. Mutu mwenye kuumwa mifupa, mwenye upele, mwanamuke mwenye kutoka kuzaa, wote walitafuta maji ya moto. Pili walipika: yai, ndizi ao kiazi ndani ya kikapo, unaishusha ndani ya maji na unangoja. Wageni wa Sempaya wanafanya vile mpaka leo. Tatu, walitafuta chumvi.

Hii ya chumvi inastahili kuelezwa. Maji yenye kushuka mbali ndani ya mawe inarudi na vitu vyenye imekula huko, na chumvi iko kati yake. Mufano muzuri ni Kibiro, kando ya ziwa Albert, ngambo ya Uganda, ukiangaliana na Ituri yetu. Kule wanawake wako na «mashamba ya chumvi». Maji ya moto inapita katika udongo. Wanatandaza mavumbi makavu juu ya ule udongo wenye maji. Jua inavuta chumvi juu mpaka inaingia katika mavumbi. Kisha wanakusanya yale mavumbi, wanayapitishia maji katika chungu chenye matundu, na ile maji ya chumvi wanaichemusha mpaka ikauke. Mavumbi yaleyale wanayarudisha katika shamba ili yafanye kazi tena. Ile kazi imedumu karibu miaka 900, na shamba linapita kwa mama kwenda kwa binti. Angalia vizuri: ni mali ya wanawake, yenye mipaka, yenye urizi, yenye sheria. Mutu asiseme tena kama wazee wetu walikuwa wanaangalia tu ile maji kwa mushangao.

Sheria, tuzungumuze pia juu yake. Mahali pengi penye maji ya moto palikuwa mahali pa heshima. Watu wa Sempaya, Bamaga, wanasema kama chemchemi moja ni ya kiume, Bintente, na ingine ni ya kike, Nyasimbi. Mume alipotea pale na kuacha mukuki, bibi alienda kumutafuta na akapotea pia. Kijana wa leo anacheka. Lakini ukifikiri, hadizi ile inalinda watoto: usikaribie wewe peke yako, ardhi ya pale ni nyembamba, maji inaweza kukumeza.

Na kule Goma kuko neno lenye lilitoka kwetu na likaenda duniani: mazuku. Ni ile hewa mubaya yenye kutoka ndani ya udongo na kulala katika mabonde madogo. Haina rangi, na ni nzito kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya chini kama maji ndani ya sahani. Mbuzi anashuka kukula majani, hapandi tena. Mutu mwenye kulala chini usiku mahali pale haamuki asubui. Wazee walijua dalili: ndege na wadudu wenye kufa wamelala pamoja, majani yamechoka. Wanasayansi wa volkano walikubali neno letu, na leo wanaandika «mazuku» katika vitabu vyao vya Kifaransa na Kiingereza. Basi moto ya chini iko na zawadi yake na kifo chake, na desturi ilishika vyote viwili pamoja.

4. Namna wengine walifanya

Si sisi peke yetu tulikuwa na maji ya moto. Tofauti iko katika kile watu walifanya kisha kuogea.

Katika Ufaransa kuko muji mudogo wa milima, jina lake Chaudes-Aigues, maana yake «maji ya moto», sawa na Mayi ya Moto yetu. Chemchemi yake kubwa, inaitwa Par, inatoka na digri 82. Tangu miaka ya 1300 watu wa pale walipitisha ile maji katika mifereji ya miti chini ya nyumba zao, na nyumba zikapata joto wakati wa theluji. Hakukukuwa mashini. Kulikuwa mifereji na mapatano ya majirani.

Katika Islandi, mabibi wa Reykjavik walikuwa wanabeba nguo kwa mugongo mpaka chemchemi za moto, kilometa karibu 3, ili wafue. Ilikuwa njia ndefu, ya baridi, na wengine waliungua ndani ya maji. Katika mwaka wa 1930 walitandika tiyo kutoka zile chemchemi mpaka muji. Nyumba ya kwanza kupata joto ilikuwa shule ya watoto. Kisha hospitali, pahali pa kuogelea, na nyumba za watu karibu 60 ao 70. Leo karibu nyumba 9 kati ya 10 katika inchi ile zinapata joto kutoka udongo. Walianza na shule. Tushike ile neno, tutairudilia.

Katika Italia, kule Larderello, mwana-mufalme Piero Ginori Conti aliwasha taa tano kwa mvuke wa udongo katika mwaka wa 1904, na katika mwaka wa 1913 mashini ya kweli ya umeme ikaanza pale.

Kuko pia ufundi mwingine wenye hauombi volkano wala maji ya moto. Ni ule wenye kutumia ile joto ya kwanza, ya udongo wa juu. Katika mwaka wa 1852, mwenye elimu mumoja wa Uingereza, William Thomson, mwenye walimuita nyuma Lord Kelvin, alionyesha kwa hesabu kama mashini inaweza kuchukua joto mahali penye baridi na kuipeleka mahali penye joto, na tena inaweza kugeuza njia. Frigo ya nyumbani inafanya vile kila siku: inatosha joto ndani ya sanduku na kuitupa nyuma yake, weka mukono nyuma ya frigo, utaisikia. Basi tia tiyo ndani ya udongo, metre mbili chini ao katika kisima kirefu cha metre 100, pitisha maji ndani yake, unganisha na mashini kama ile. Wakati wa baridi inachota joto ya udongo na kuileta nyumbani ao dukani. Wakati wa jua kali inachota joto ya nyumba na kuizika ndani ya udongo. Kwa kila kipimo kimoja cha umeme chenye kuingia katika mashini, nyumba inaweza kupata vipimo 3 ao 4 vya joto, kwa sababu mashini haiumbi joto, inaihamisha tu. Leo nyumba mingi za Uswidi na Uswisi zinaishi vile.

Ukiiangalia vizuri, ni mawazo yaleyale ya shimo la ndizi na ya mutungi: kule chini kipimo hakibadiliki, basi tuombe udongo utusaidie. Wao waliongeza tiyo na mashini. Mawazo, bankambo walikuwa nayo.

5. Kiabukwa, 1952

Sasa turudi kwetu.

Nyuma ya vita ya 1940–1945, machimbo ya Katanga yalikuwa yanatafuta umeme kila upande. Union Minière ilikuwa imekwisha kufunga muto Lufira kule Mwadingusha tangu mwaka wa 1930. Lakini machimbo ya mbali na mito mikubwa ilipashwa kuleta mafuta kwa njia ndefu, na bei ilikuwa kali. Katika Kiabukwa, upande wa bonde la Upemba, maji ya moto ilikuwa inatoka yenyewe, digri karibu 91. Katika mwaka wa 1952 waliweka pale mashini ya umeme yenye nguvu ya kilowati karibu 200, ili ifanyie kampuni ya machimbo kazi.

Kilowati 200 ni kidogo. Ni taa 2000 za wati 100 kila moja. Lakini tuangalie namna ilikuwa kitu kipya. Katika Larderello, mvuke kali ilikuwa inatoka yenyewe na kusukuma mashini. Maji ya digri 91 haitoi mvuke kama ile, haijachemuka hata. Kutosha umeme katika maji yenye haijachemuka ni kazi ya akili, na katika mwaka wa 1952 wachache sana duniani walikuwa wameijaribu. Njo maana vitabu vya historia ya nguvu ya ardhi vinataja Kiabukwa mpaka leo: ya kwanza katika Afrika yote, na moja kati ya za kwanza duniani kwa ufundi ule. Nyuzilandi ilifungua Wairakei katika mwaka wa 1958. Marekani ilifungua The Geysers katika mwaka wa 1960. Kiabukwa iliwatangulia wote wawili.

Kisha nini? Mashini ilifanya kazi miaka michache tu. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya machimbo. Machimbo yaliposimama, nayo ikasimama. Hakuna tiyo iliyoenda kijijini. Hakuna shule iliyopata taa ao dispensere iliyopata maji ya moto. Mashini ilikuwa ya kampuni tu, ndani ya inchi ya wengine. Kwa hiyo siku yenye mwenyewe aliondoka, hakukuwa mutu wa kuililia. Maji iliendelea kutoka, kama ilikuwa inatoka mbele yake.

Hapa njo jibu la swali letu la kwanza. Kiabukwa haikukufa kwa sababu maji ilipoa, wala kwa sababu Mukongomani hakuweza kuishika. Ilikufa kwa sababu haikuunganishwa na maisha ya watu. Angalia Reykjavik: walianza na shule, na kila mama wa pale alijua ile tiyo ni yake. Sisi walianza na shimo la machimbo.

Na ile njia haikuisha na wakoloni. Inga I ilifunguliwa katika mwaka wa 1972, Inga II katika mwaka wa 1982. Waya mukubwa ukavutwa kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilometa karibu 1700, ili umeme ufikie machimbo ya Katanga. Unapita juu ya vijiji vingi, na chini yake watu wanawasha kibatari. Katika inchi yetu yote, mpaka leo, karibu mutu 1 tu kati ya 5 anapata umeme. Muzee moja wa kijiji cha chini ya waya angeweza kusema: «Umeme tunauona, unapita kwetu kila siku, lakini hautusalimie.» Kiabukwa na ule waya ni ndugu wa tumbo moja.

6. Na sisi leo?

Mutu anaweza kuuliza: haya ni mambo ya mainjinieri, yanaingia namna gani katika kitabu cha desturi? Yanaingia kwa sababu ya makala.

Goma, Bukavu, Lubumbashi, miji yote inapika na makala. Kila gunia ni muti. Pembeni ya Lubumbashi pori imerudi nyuma makilometa mingi. Upande wa Goma, makala mingi inatoka katika pori ya mbuga ya Virunga, na watu wanakufa kwa ajili ya ile biashara. Joto ya udongo haitamaliza makala. Tusidanganye watu. Lakini tufanye hesabu ya mama wa nyumba. Katika milima ya Kivu maji inachemuka karibu digri 95. Ukitia juu ya mbabula maji ya digri 20, unapashwa kuipandisha digri 75. Ukipata maji ya digri 70 kutoka chemchemi kwa tiyo yenye kufunikwa vizuri, inabakia kupandisha digri 25 tu: moja kwa tatu ya makala. Kwa kuogesha wagonjwa na watoto wachanga, haiombi makala hata kidogo. Kwa kukausha kahawa, kinkina, mihogo ao samaki katika musimu wa mvua, hewa ya moto inatosha. Kule Naivasha, Kenya, wanaolima maua wanatia joto ya Olkaria ndani ya nyumba za maua. Kile kinafaa ua la kuuza Ulaya, kinafaa pia muhogo wetu.

Na kwa nyumba, hata bila mashini, tunaweza kuacha kusikia haya. Tofali la udongo wenye kushindiliwa vizuri, ukuta munene, plafo chini ya malata, muti wa kivuli upande wa jua: hii ni elimu ya bankambo, na bei yake ni ndogo. Kijana mwenye kujenga na malata na ukuta mwembamba wa bloki, kisha anatafuta vantilatere na umeme hauko, amelipa mara mbili ili akose mara moja.

Sasa watu wameanza tena kuuliza juu ya maji ya moto ya Kivu na ya Katanga, kwa ajili ya umeme. Ni jambo la muzuri. Lakini mbele ya mutu kuleta mashini, sisi wenyewe tuseme mambo matatu.

Ya kwanza: mahali pale pako na wenyewe. Kuko watu wenye kuogea pale, wenye kutoa heshima pale, wenye kujua penye mazuku inalala. Waulizwe wa kwanza, si wa mwisho.

Ya pili: tiyo ya kwanza ao waya wa kwanza uende kwa shule na kwa dispensere ya karibu, ndipo uende kwa kampuni. Kitu chenye kuwa na mizizi katika kijiji hakifi siku yenye kampuni inafunga mulango.

Ya tatu: tuandike. Wazee wenye walizaliwa upande wa Upemba mbele ya 1952 wamebakia wachache. Kama kati yao kuko mwenye aliona ile mashini ya Kiabukwa, mwenye alisikia mulio wake, mwenye baba yake alibeba tiyo zake kwa bega, tumutafute na tumusikilize leo. Vijana wenye kusoma habari hii, mukienda likizo kijijini, muulize: «Babu, hapa kwetu maji ya moto iko wapi? Watu walikuwa wanafanya nayo nini? Ni nani aliruhusiwa, ni nani alikatazwa?» Mushike kalamu na muandike jibu, hata kama ni ukurasa mumoja.

Wazee wanasema: mwenye hajui penye mvua ilianza kumupiga, hawezi kujua penye alikauka. Moto ya chini ya udongo haijazimika. Kenya iliwasha yake katika 1981 na leo inapata karibu nusu ya umeme wake kutoka udongo. Yetu iliwaka katika 1952, ikaachwa. Maji ingali inatoka. Kazi yetu ni kuhakikisha kama mara ya pili itamuwashia pia mutoto wa kijiji.